Adabu ya Kubandikwa

"Baba Paroko, hakuna kanuni iliyovunjwa." Hivyo ndivyo alivyonijibu msimamizi wa kundi la WhatsApp la mojawapo ya jumuiya zetu, nilipomwita ofisini kumwuliza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mnalifahamu. Sitaitaja jumuiya, wala sitamtaja mtu. Lakini jambo lenyewe nitalieleza, kwa sababu limeninyima usingizi.

Mama mmoja mjane, aliyekuwa mhazini wa jumuiya yake kwa miaka kadhaa, aliulizwa kundini fedha za rambirambi ziko wapi. Swali lilikuwa halali. Mwenye kushika fedha za watu huulizwa. Lakini mama alikuwa shambani, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Kabla hajajibu, swali likageuka tuhuma, tuhuma ikawa hukumu, na hukumu ikawa kichekesho. Mmoja akaandika kwamba afadhali ashikishwe adabu mbele ya wote. Alipofungua simu jioni alikuta kesi imekwisha, naye ameshapatikana na hatia. Alijiondoa kundini bila kuandika neno, na tangu siku hiyo hajaonekana katika sala ya jumuiya. Daftari lilipokaguliwa, kila shilingi ilikuwapo. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno "samahani".

Msimamizi wa kundi, kijana msomi na mwenye bidii, alinionyesha kanuni zake. Matusi ni marufuku. Siasa ni marufuku. Matangazo ya biashara ni marufuku. Hakuna ujumbe baada ya saa tatu usiku. Kweli, hakuna kanuni iliyovunjwa! Lugha ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine hata walianza kwa kusalimu "Tumsifu Yesu Kristo", ndipo wakamchoma mwenzao. Kijana akaniambia kwamba kanuni hizo hakuzibuni yeye. Alizitoa katika miongozo ya kile ambacho Waingereza hukiita "netiquette". Tulitamke kwa Kiswahili: netiketi.

Nimelifuatilia neno hilo. Nimegundua kwamba historia yake yenyewe inatushitaki, nami ningependa tuisikilize pamoja.

Neno hili limeungwa kwa vipande viwili, nalo lilianza kutumika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kipande cha kwanza ni "net", yaani wavu, kwa maana ya mtandao wa kompyuta. Neno la Kiingereza la mtandao, "network", ni la kale kuliko kompyuta yoyote. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitabu cha Kutoka, sura ya 27, ndilo linaloeleza ule wavu wa shaba uliotiwa katika madhabahu. Kumbe neno ambalo leo tunalihusisha na simu na minara liliwahi kusomwa kama habari ya mahali pa kutolea sadaka.

Kipande cha pili ndicho chenye mafunzo zaidi. "Etiquette" ni neno la Kifaransa, na asili yake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kuchomeka au kubandika. Kwanza lilikuwa jina la kitu cha kawaida kabisa: kikaratasi kinachobandikwa juu ya kitu ili kueleza ni nini au ni cha nani, kama kile kilichowekwa kwenye mifuko ya hati za mahakama. Hadi leo Mfaransa akitaja lebo ya chupa hutumia neno hilohilo. Waingereza walilichukua mara mbili. Mara ya kwanza, katika karne ya 16, likawa "ticket", nasi tukalipokea kama tiketi. Mara ya pili, katikati ya karne ya 18, likaingia kwa maana ya taratibu za heshima. Kwa hiyo msafiri anayepanda basi akiwa na tiketi mkononi ameshika ndugu wa damu wa neno netiketi.

Je, kikaratasi kiligeukaje kuwa adabu? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba katika majumba ya wafalme maelekezo ya mwenendo yaliandikwa kwenye vikaratasi: nani aingie lini, asimame wapi, ainame namna gani. Kipo pia kisa kinachopendwa sana, cha mtunza bustani wa Versailles aliyechomeka vibao ili mabwana wakubwa wasikanyage majani yake. Lakini hicho ni kisa tu, tusikitegemee. Lisilo na shaka ni kwamba Mfalme Louis wa 14, aliyehamishia makao ya utawala Versailles mwaka 1682, alizifanya taratibu hizo kuwa chombo cha utawala. Mbele ya mfalme na malkia, ni wanawake wa cheo cha juu tu, kama wake wa makabaila waitwao "duc", walioruhusiwa kukaa juu ya kigoda kisicho na mgongo. Wengine walisimama. Wanawake waligombania kigoda hicho kana kwamba ni ufalme wenyewe! Je, kigoda kilimfanya yeyote kuwa mwema zaidi? Hapana. Kilionyesha cheo, kama lebo inavyoonyesha bei.

Miongoni mwa Waingereza wa kwanza kulitumia neno hili alikuwa Lord Chesterfield, aliyemwandikia mwanawe barua nyingi za kumfundisha namna ya kupendeza mbele za watu. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1774, baada ya kifo chake. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, alizilaani kwa ukali. Kwa maoni yake, zilimfundisha kijana madaha ya ukumbini huku zikiuacha moyo wake umeoza. Tangu mwanzo, basi, walikuwapo walioona hatari iliyomo ndani ya neno hili. Mtu anaweza kubandikwa adabu kama chupa inavyobandikwa lebo, na ndani mwake kukabaki sumu ileile.

Hilo ndilo neno ambalo watu wa kompyuta walilirithi. Lakini hapa, ndugu zangu, ndipo nilipostaajabu, kwa maana walilirithi neno bovu wakaanza kulitumia vizuri kuliko wenyewe waliolizaa.

Kati ya mwaka 1979 na 1980 wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya North Carolina, nchini Marekani, walianzisha mfumo wa kupashana habari kati ya kompyuta na kompyuta ulioitwa Usenet. Watu wasiojuana kwa sura walianza kujadiliana kila siku. Haukupita muda mrefu wakagundua jambo ambalo sisi tumeligundua kwa machozi: watu wapole wakiwa ana kwa ana huwa wakali wakiwa nyuma ya maandishi. Utani ulisomwa kama tusi. Swali lilisomwa kama shutuma. Tarehe 19 Septemba 1982 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Scott Fahlman, alipendekeza kwamba anayetania aweke alama tatu mfululizo: nukta pacha, kistari na mabano, ambazo zikitazamwa kwa kulaza kichwa zinafanana na uso unaotabasamu. Tutafakari jambo hili. Watu wenye elimu kubwa walilazimika kuchora uso kwa alama za uandishi, kwa kuwa uso wa kweli ulikuwa umepotea katika mazungumzo yao.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 Chuq Von Rospach aliandika mwongozo kwa wageni wa Usenet. Jambo la kwanza aliloliweka halikuhusu herufi wala urefu wa ujumbe. Aliwataka wasisahau kwamba aliye upande wa pili ni binadamu. Mwaka 1994 Virginia Shea alitoa kitabu kizima juu ya netiketi, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: mkumbuke binadamu. Mwezi Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo uliowekwa miongoni mwa hati rasmi za intaneti. Humo tunasoma, kwa maneno yangu, kwamba anayepokea ujumbe ni mtu mwenye utamaduni, lugha na utani tofauti na wa kwako. Kwamba kejeli ni hatari. Kwamba uwe mwangalifu katika unayotuma na mwenye moyo mpana kwa unayopokea. Na kwamba ukiwa na hasira, ulale kwanza ndipo ujibu kesho.

Ulale kwanza! Laiti watu wangelala usiku mmoja tu, mama yule angerudi kutoka shambani, angechaji simu, angeandika hesabu zake, na leo angekuwa anasali pamoja nasi.

Kwa nini, basi, miongozo mizuri namna hiyo haikutosha? Historia inajibu tena. Kila mwezi Septemba wanafunzi wapya waliingia Usenet kupitia vyuo vyao. Walikosea, wenyeji wakawaonya, na baada ya majuma machache wakazoea. Adabu ilipitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, kama tunavyoipitisha nyumbani. Kisha, kuanzia mwaka 1993, makampuni yaliyouza huduma za mtandao yakaleta wageni wengi mno, bila kukoma, hata wenyeji wakasema kwamba ule ulikuwa Septemba usiokwisha. Walezi wakawa wachache kuliko wageni, na kilichobaki kilikuwa orodha ya kanuni. Mwezi Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, walituma tangazo lao la biashara katika maelfu ya makundi ya Usenet kwa mkupuo mmoja. Ulimwengu ule wote ukawaka hasira. Wao hawakujuta, baadaye waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine kutajirika kwa njia hiyo. Hiyo ndiyo nguvu ya orodha isiyo na mlezi: inamzuia aliye tayari kujizuia, na asiyetaka anapita pembeni yake.

Sasa nirudi kwetu, maana sikulichimba neno hili ili kuonyesha usomi. Nina hoja tatu za kukanusha, ambazo nimezisikia kwa masikio yangu tangu tukio lile.

Hoja ya kwanza ni ya kijana wangu: hakuna kanuni iliyovunjwa. Ninamjibu kwa upendo, lakini bila kuuma maneno. Umebandika lebo ukaacha kuangalia yaliyomo. Umechukua kutoka kwa wale Wamarekani saa, herufi na matangazo, ukaiacha kanuni yao ya kwanza. Kundi lako linaweza kufukuza neno moja chafu ndani ya dakika moja, na wakati huohuo likatazama mtu akivunjwa kwa maneno safi kwa saa nne nzima. Sisemi kanuni zifutwe. Ninajua kero ya simu kulia usiku wa manane. Ninasema kwamba kanuni zisipoanza na mtu hugeuka kuwa kile kigoda cha Versailles: tunajua nani akae wapi, na hatujui nani analia.

Hoja ya pili ni ya wazee wangu: "Padre, haya ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna adabu yetu." Wazee wangu, ninakubali kwamba tuna neno bora zaidi. Adabu imetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni pana kiasi cha kubeba malezi, elimu na hata fasihi. Katika karne ya 9 mwanachuoni Ibn Qutayba aliandika kitabu kizima juu ya adabu inayompasa katibu, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuandika. Neno letu, basi, lilijua tangu zamani kwamba mwenye kushika kalamu anahitaji malezi kuliko mwingine yeyote. Lakini tusijidanganye! Sisi wenyewe tumelipinda neno hilo. Tunasema kumtia mtu adabu, kumshikisha adabu, na hapo hatumaanishi kumlea. Tunamaanisha kumwumiza hadi anyamaze. Neno lililoandikwa dhidi ya mama yule halikutoka Ufaransa wala Marekani. Lilikuwa Kiswahili fasaha. Aliyeliandika alidhani anatetea adabu, kumbe alikuwa akiizika.

Hoja ya tatu ni ya wengi: "Ilikuwa mtandaoni tu, hakuna aliyeguswa." Nilikwenda kumtembelea mama yule. Alinikaribisha uji, akaongea mambo ya mvua na mahindi, na mwishoni akasema: "Padre, wangekuja nyumbani wangepiga hodi." Sikuwa na jibu. Mila yetu inamtaka mgeni asimame nje, apige hodi, asubiri akaribishwe. Na asipoitikiwa, aondoke. Ni utaratibu, ndiyo, lakini ni utaratibu uliozaliwa kutokana na kumjali mtu aliye ndani. Labda amelala, labda hana cha kuvaa, labda anaomboleza. Siku ile watu zaidi ya arobaini waliingia nyumbani kwa mjane bila hodi, wakakagua vyungu vyake, wakaondoka wakicheka. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Kidole gumba kinachoandika kwenye simu leo ndicho ulimi, na kwa kuwa hakitoi sauti, mwenyewe hasikii anachokifanya.

Tusidhani kwamba Kanisa halilioni jambo hili. Katika Wosia wa Kitume Gaudete et Exsultate, wa tarehe 19 Machi 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alionya kwamba Wakristo nao wanaweza kunaswa na ukatili wa maneno katika mtandao, hata katika vyombo vya habari vya Kikatoliki. Alieleza kwamba wapo wanaojidai kulinda amri nyingine huku wakiikanyaga amri ya nane, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Mtakatifu Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Cha ajabu, wale watu wa Usenet, wengi wao bila kumkumbuka Yakobo, waliuita ujumbe wa hasira "flame", yaani mwali wa moto. Aliyeungua hahitaji kufundishwa jina la moto.

Baada ya kuwanyoshea wengine kidole, yanipasa kujinyoshea mwenyewe. Mimi nilikuwamo katika kundi lile. Niliuona ujumbe wa tatu au wa nne, nikaona mambo yanavyoelekea, nikafunga simu kwa sababu nilikuwa na kikao. Neno moja tu la paroko, "tumsubiri mama ajibu", lingetosha. Sikuliandika. Nami pia sikuvunja kanuni yoyote.

Kwa hiyo, wapendwa, ninayoyaomba ni machache. Wasimamizi wa makundi yote ya parokia, iandikeni upya kanuni ya kwanza, iwe juu ya nyingine zote: tunayemwandikia ni mtu, na asiyekuwapo hahukumiwi. Mambo ya fedha yaulizwe katika kikao, mbele ya daftari, mwenye daftari akiwapo. Mwenye hasira alale kwanza. Na aliyemkosea mwenzake mbele ya watu wote amwombe radhi mbele ya watu walewale. Msamaha wa pembeni kwa dhambi ya hadharani ni lebo nyingine tu iliyobandikwa juu ya jeraha. Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kumletea mwenzake ndoo nyingine.

Nimeanza mimi. Jana jioni niliandika katika kundi lile kwamba paroko wao aliona, akanyamaza, na anaomba radhi. Mpaka ninapoandika tafakari hii alama zinaonyesha kwamba karibu wote wameusoma ujumbe huo. Wamejibu watatu. Ninawasubiri wengine, na zaidi ya hapo ninawasubiri waende wakapige hodi kwa mama yule kwa miguu yao wenyewe.

Nawatakia juma jema. Tumsifu Yesu Kristo!

Paroko wenu